Njia ya Miti ya Krismasi

Lorna Rabideau alipoingia zamu mtamboni Jumamosi ile asubuhi, alitazama nje ya dirisha kabla ya kutazama vipimo. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Ng'ambo ya ziwa, mbele ya kituo cha zimamoto, taa za magari zilikuwa zimejipanga ufukweni. Kutoka pale ulianza mstari wa miti ya Krismasi iliyosimikwa kwenye barafu, mti baada ya mti, ukavuka ziwa hadi kwenye ghuba iliyo chini ya mtambo. Kwa miaka miwili mstari huo ulikuwa ukipinda kabla ya kufika ghubani. Sasa ulikuwa umenyooka.

Kisha akageukia vipimo, akaona kwamba pampu zote tatu za maji ya ziwa zinafanya kazi.

Alikuwa ametoka mapumzikoni. Tangu Jumanne alikuwa kwa binti yake Plattsburgh, na alikuwa ameendesha gari moja kwa moja hadi kazini bila kupita mjini. Alimwuliza Wade Pruitt, msimamizi wa zamu, pampu zimewashwa lini. Pruitt alikuwa mtu wa Texas, mpole, aliyekuwa hajazoea kuvaa soksi mbili mbili kwa ajili ya baridi. Alijibu kwamba zimewashwa Jumatano jioni kwa amri ya makao makuu, na kwamba hakuna aliyetakiwa kulisema nje.

Miti ile ina kanuni zake, na kila aliyezaliwa Ziwa Corbeau anazijua kabla hajajua kusoma. Krismasi ikiisha, watu hawatupi miti yao, huipeleka kituo cha zimamoto. Barafu ikikomaa, mtu mmoja huitoboa na kuisimika miti hiyo kuonyesha njia salama ya kuvukia. Mtu huyo kwa muda mrefu alikuwa mzee Rabideau. Alipofariki, kazi ilimwangukia mwanawe Gil, mdogo wake Lorna. Asiyekuwa msimikaji haruhusiwi kugusa mti. Mti ukilazwa, njia imefungwa. Na siku ya mashindano ya uvuvi, kama Jumamosi ile, msimikaji huvuka wa kwanza, peke yake, akivuta kibanda chake cha kuvulia nyuma ya pikipiki ya theluji. Akifika ng'ambo anainua mkono, ndipo wengine wote wanashuka. Maana yake ni kwamba mtu aliyechagua njia ndiye anayeijaribu kwa uzito wake mwenyewe.

Mtambo nao una historia, na bila hiyo mtu hawezi kuelewa kwa nini miti ilinyooka. Zamani ulikuwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, kisha ukafungwa. Kampuni iliyoununua iliugeuza utumie gesi, ikaleta makontena ya kompyuta za kuchimba sarafu za kidijitali. Hakuna kinachochimbwa hapo. Mashine hubahatisha namba mchana na usiku, moja ikipatia inalipwa sarafu, kisha zinaanza upya. Umeme wote unaoingia humo hutoka ukiwa joto, na joto hilo lazima liende mahali.

Mwanzoni lilitolewa kwa feni. Kelele zake zilitunyima usingizi, tukaenda baraza la mji, tukashinda. Kampuni ikaondoa feni, ikazitumbukiza mashine kwenye matangi ya mafuta maalumu, na mafuta hayo yakawa yanapozwa kwa maji ya ziwa. Ukimya ulirudi, tukapongezana. Majira ya baridi yaliyofuata ghuba haikuganda. Maji meusi yalitoka kwenye mdomo wa bomba hadi karibu na rasi, na Gil akalazimika kupindisha mstari wa baba yake kuyazunguka.

Hapo ndipo Gil alipofungua kesi. Mwanasheria alimshauri ashike jambo la moshi, kwa sababu kibali cha moshi kilikuwa kimekwisha muda na hilo lilikuwa rahisi kuthibitisha. Katikati ya Januari jaji aliamuru tanuri za kuchomea gesi zizimwe mpaka suala la kibali lisikilizwe. Dohani ikaacha kutoa moshi, na mashine zikazimika. Ikaja baridi kali, ya aina inayogandisha kope. Maji meusi yakafunga. Jumatano asubuhi Gil na mkuu wa zimamoto, Dolph Trombley, walitoboa barafu ya ghuba wakakuta ina unene wa shibiri nzima. Siku hiyohiyo Gil aling'oa miti ya kwenye mpindo akairudisha kwenye mstari wa baba yake. Watu walimfuata na chupa za kahawa. Wapo waliolia.

Tuliyajua hayo yote. Ambacho hatukukisoma vizuri ni amri yenyewe. Ilizungumzia tanuri. Haikusema neno juu ya mashine. Jumatano jioni kampuni ilinunua umeme kutoka gridi, kama mwenye nyumba yeyote anavyonunua, ikaziwasha. Dohani haikutoa moshi na matangi hayakutoa sauti. Alhamisi theluji ikaanguka, ikaifunika barafu yote kwa rangi moja.

Lorna alisogea mpaka kona ya dirisha ambako mdomo wa bomba unaonekana. Nyuma ya gati la mawe palikuwa na shimo jeusi la maji, dogo kuliko kiwanja cha mpira wa kikapu. Kutoka mjini gati linalificha. Maji yaliyokuwa yakitoka hapo tangu Jumatano yalikuwa yakielekea rasini chini ya barafu, njia ileile ya mwaka jana na mwaka juzi, yakiila kwa chini. Mstari wa miti ulikatiza juu yake.

Jambo la kwanza lililomjia ni kuzima pampu, akaliacha. Kuzima kungezuia kesho isiwe mbaya zaidi. Barafu iliyokwisha kuliwa isingerudi kwa saa moja.

Alimweleza Pruitt. Pruitt hakubisha kuhusu maji, alisema tu kwamba joto lake limo ndani ya kipimo cha kibali, na hilo lilikuwa kweli. Akasema atapiga simu makao makuu, akapiga, akaambiwa asubiri. Lorna alimwomba apige kituo cha zimamoto badala yake.

"Lorna, sisi hatusimiki miti," Pruitt alisema. "Hatukuwaambia wapite hapo."

Lorna akampigia Gil. Simu iliita mpaka ikakatika. Alijua ingekuwa hivyo. Tangu kesi ilipoanza Gil alikuwa hamsemeshi. Lorna aliitwa kutoa ushahidi, akaulizwa kama maji yanayotoka yamevuka kipimo kilichowekwa, akajibu kwamba hayajavuka. Lilikuwa jibu sahihi kwa swali aliloulizwa. Gil alitoka mahakamani bila kumngoja, na kuanzia siku hiyo akawa anamwita Bibi Kompyuta mbele ya watu.

Akampigia Dolph Trombley. Mkuu alipokea katikati ya kelele za injini na vicheko. Lorna alimwambia mashine zinafanya kazi, barafu ya ghubani haifai, amzuie Gil. Mkuu alimjibu kwamba yeye mwenyewe ameipima.

"Lini?"

"Jumatano."

"Jumatano asubuhi, Mkuu. Wamewasha jioni."

"Wamewasha nini? Niko hapa naitazama dohani. Haina hata mvuke."

"Hawachomi gesi. Wananunua umeme. Joto liko majini."

Kisha Mkuu akasema, kwa sauti ya mtu anayejua anasikilizwa, kwamba kama kampuni inataka kuwaharibia siku yao basi ije yenyewe, isimtume mtoto wa Rabideau. Lorna hakukasirika, au kama alikasirika hakulionyesha. Alimwomba jambo moja: watoboe tena kabla Gil hajavuka. Mkuu akasema atamwambia.

Na alimwambia. Nilikuwa nimesimama karibu, nilisikia. Alisema, "Gil, dada yako anasema mashine zinawaka." Alilisema nusu kama taarifa, nusu kama mzaha, na waliokuwa karibu walilipokea kama mzaha. Mmoja akasema labda zinawaka kwa maombi. Gil hakucheka. Aliitazama dohani muda mrefu kidogo, kama mtu anayesoma saa ya ukutani, kisha akafunga kofia yake na kuwasha pikipiki. Sote tuliitazama dohani naye. Ilikuwa ndefu, kavu, na nyuma yake mbingu ilikuwa safi.

Lorna alisikia injini ile kupitia kioo. Ghuba hubeba sauti. Alichukua jaketi la rangi ya chungwa la mtambo, akavaa la kuokolea juu yake, akachukua mtaimbo wanaotumia kuvunjia barafu kwenye wavu wa pampu. Pruitt alisimama mlangoni. Alimkumbusha kwamba hakuna wa kumpokea zamu, na kwamba akitoka hivyo asitegemee kurudi. Alilisema bila ukali, kama mtu anayesoma kanuni kwa sababu ni kazi yake kuisoma. Lorna alimwambia macho yake yasitoke kwenye pampu ya pili, ina tabia ya kuvuta hewa. Akashuka.

Mstari wa miti unaishia kwenye mteremko wa kushushia mashua, upande wa juu wa bomba. Hapo barafu ilikuwa nzima. Lorna aliingia ziwani akigonga mbele yake kila hatua, hakukanyaga mahali ambapo mtaimbo haujatangulia. Barafu nzuri hurudisha mtaimbo mkononi. Aliupita mti wa mwisho, akaupita uliofuata, na mtaimbo ukawa unarudi. Kwenye mti wa tatu haukurudi. Ulizama, na maji yakapanda polepole kwenye theluji kuzunguka chuma, ya kijivu, bila sauti.

Akainua macho. Gil alikuwa amekwisha kupita katikati ya ziwa. Taa ya pikipiki ilikuwa ikija juu ya mstari, na nyuma yake kibanda cha mbao, chenye jiko dogo la chuma ndani, kilikuwa kinayumba kidogo kwenye skii zake. Kati yao palikuwa na miti iliyosimama wima juu ya barafu ambayo Lorna hakuweza kuikanyaga. Kupunga mikono hakungesaidia. Siku ya mashindano watu hupunga mikono.

Akaushika mti wa tatu kwa shina, akautikisa mpaka barafu iliyoushika ikakatika, akaung'oa. Akaulaza kukatisha njia. Akarudi kwenye mti wa nyuma yake, akaung'oa nao.

Ufukweni Mkuu alikuwa na darubini. Akasema mtu wa mtambo anang'oa miti. Neno lilipita kutoka gari hadi gari, na nililiona kundi zima likisogea mbele hatua moja, kama linavyosogea mtu akitukaniwa mama yake. Hakuna aliyesema kwamba ni Lorna. Kutoka pale lilionekana jaketi la chungwa tu.

Gil naye aliona jaketi. Alitueleza baadaye kwamba hakufikiri chochote isipokuwa kumfikia mtu yule. Tulisikia injini ikipanda. Kibanda kiliruka juu ya tuta la theluji, na theluji ikatimka nyuma yake hata hatukuona kitu kwa muda.

Lorna alijua sasa kwamba onyo lake linamvuta Gil. Angeweza kukimbia, na pengine Gil angemfuata kwa kuzunguka. Pengine asingezunguka. Akaubeba mti wa pili alioung'oa, akaulaza kando ya wa kwanza. Kisha akafanya kitu ambacho mtu asiye wa hapa asingekifanya. Aliigeuza yote miwili ili ncha zielekee kule Gil alikotokea, na mashina yabaki upande wake. Mzee Rabideau aliwafundisha watoto wake hivyo, wote wawili, walipokuwa wadogo kiasi cha kuvutwa kwa kamba: mti wa kufunga njia hauangushwi tu. Ncha huelekezwa kwenye barafu mbovu. Mhuni hung'oa mti na kuuacha unavyoanguka.

Miti mitatu kabla ya kumfikia, Gil aliziona zile ncha.

Mkono wake uliachia mafuta kabla kichwa hakijamaliza kuelewa. Pikipiki ilipunguza mwendo, ila kibanda hakina breki. Kiliisukuma kwa nyuma mti mmoja zaidi, kisha mwingine, ikasimama. Injini ikazimika. Kati ya ndugu hao wawili palibaki nafasi ndogo ya kutosha kusemeshana bila kupaza sauti. Theluji chini ya pikipiki ikaanza kubadilika rangi.

"Lala," Lorna alisema. "Usishuke. Lala, ujiviringishe uje kwangu."

Gil alijirusha kwa tumbo. Barafu ilikatika nyuma, chini ya kibanda, kwa mlio mfupi kama ubao unaovunjwa kwa goti. Kibanda kiliinama, kikaivuta pikipiki kwa mnyororo wake, na vyote viwili vikashuka kinyumenyume. Taa ya mbele iliendelea kuwaka chini ya maji. Ukingo ukamegeka hadi kwa Gil, naye akaingia majini mpaka kifuani, mikono yake ikiparuza theluji iliyolowa ambayo haikuwa na mahali pa kushika.

Lorna alikuwa amekwisha kulala juu ya mti wa kwanza. Matawi yaliutandaza uzito wake. Aliusukuma wa pili mbele yake, ncha ikitangulia, na kila uliposimama aliutia mtaimbo kwenye shina akausukuma tena. Ncha ilipita kidole kimoja pembeni ya mkono wa Gil. Akauvuta nyuma, akausukuma upya.

"Shika matawi. Usivute. Piga miguu kama unaogelea."

"Siihisi."

"Ipige hivyohivyo."

Alipiga. Mara mbili barafu ilimkatikia kifuani, na mara mbili alibaki na mti. Mara ya tatu ilimbeba. Lorna alivuta shina huku akirudi kwa tumbo, mti wa kwanza ukimkwaruza usoni, mpaka aliposikia mtaimbo, uliokuwa ukiburuzwa kando yake, unalia kwenye barafu ngumu. Hapo walibaki wamelala wote wawili, uso kwa uso, sindano za misonobari zimewajaa vinywani.

Gil alikuwa anatetemeka hata maneno yanakatika. La kwanza alilolisema lilikuwa hili:

"Nani amekuruhusu kugusa miti yangu?"

"Baba," Lorna alisema. "Vua hizo glovu."

Pruitt ndiye aliyewafikia kwanza, kwa miguu, kutoka kwenye mteremko, akiwa na mablanketi ya kabati la huduma ya kwanza. Alikuwa ameacha chumba cha mitambo bila mtu, na kabla ya kutoka alikuwa amezima pampu. Hakueleza kwa nini na hatukumwuliza. Gari la wagonjwa lilizunguka ziwa kwa barabara, nasi tukabaki ufukweni na soseji zetu zilizopoa, tukitazama mstari wa miti ulionyooka, na mwishoni mwake tundu jeusi lililokuwa linatoa mvuke mwembamba. Nilimtazama Mkuu. Alikuwa bado ameelekeza uso kule, lakini darubini alikuwa ameishusha kifuani.

Yaliyofuata yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Uchunguzi ulifanyika na ukasema ukweli: amri ya jaji haikuvunjwa, kibali cha maji hakikuvunjwa, na barafu ya ziwa hutumiwa na kila mtu kwa dhamana yake mwenyewe. Pampu ziliwashwa tena Jumapili. Lorna aliachishwa kazi kwa kutoka zamu, Pruitt akahamishwa. Kesi ya moshi bado iko mahakamani, na mwanasheria anasema tutashinda.

Gil alitoka hospitali akiwa amepoteza ncha za vidole viwili. Siku alipoweza kushika keekee ya kutobolea barafu, alikwenda kwa dada yake, akasimama nje ya mlango bila kubisha mpaka mbwa alipombwekea. Lorna alitoka. Gil alisema ana miti ya kuhamisha, na kwamba hajui maji yanafika wapi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwuliza jambo tangu kesi ianze.

Walitoka wawili, na sisi wachache tukiwafuata nyuma tukivuta miti kwa sleji za theluji. Lorna alitangulia na mtaimbo. Gil alianzia pale ambapo mpindo wa zamani ulikuwa ukianzia, akalenga keekee.

"Hapa?"

Lorna aligonga mbele ya mahali pale, akasikiliza.

"Songa."

Akasonga. Tulipita mahali pa mpindo wa mwaka jana, tukaiacha rasi mkono wa kushoto. Mji ulikuwa umekuwa mdogo nyuma yetu. Njia ya baba yao ilikuwa bado inaonekana, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kwenda kuing'oa miti iliyobaki.

"Hapa, basi?"

Mtaimbo ulishuka. Aliutoa, akautazama ulivyolowa, akaufuta kwa mkono wa koti.

"Songa bado," alisema Lorna.